Marehemu Aliyekataa Nafasi ya Pili

Klabu ya sataranji niliipata kama nilivyopata kazi nyingi maishani mwangu: sikuhudhuria kikao. Mkuu wa shule alikuwa akigawa klabu kwa walimu, na mimi siku hiyo nilikuwa kwa fundi cherehani, tunabishana juu ya mkono wa gauni. Niliporudi nikakuta mpira wa pete una mwenyewe, kwaya ina mwenyewe, hata klabu ya bustani, ambayo haina bustani, ina mwenyewe. Nikaachiwa sataranji. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kuhusu sataranji nilijua jambo moja tu, kwamba si drafti.

Aliyeniokoa ni bwana mifugo wa kata yetu. Ni Msukuma mrefu, mpole, aliyefika bonde hili akiwa mgongoni kwa mama yake, wazazi wakifuata malisho, na anaweza kumchanja ndama huku anakueleza kwa nini ulikosea kumtoa malkia mapema. Kila Jumatano alikuja shuleni na mabuti yake ya mpira kuwafundisha wanafunzi, nami nikikaa nyuma ya darasa nikijifunza pamoja nao na kujifanya nasimamia.

Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye kundi la kujitolea. Kuna tovuti inayoweka wasifu wa wachezaji wa sataranji wa Afrika Mashariki, wa zamani na wa sasa, na mtu yeyote anaruhusiwa kuandika. Kwa kuwa yeyote anaruhusiwa, yeyote ameandika. Kundi letu lilikuwa la watu kumi na kitu, kila mmoja na mji wake, na kazi yetu ilikuwa kupitia yaliyoandikwa, kutafuta ukweli, na kusahihisha.

Nilidhani ni kazi ya kukaa kitini. Wiki ya kwanza nikapewa kijana ambaye, kwa mujibu wa wasifu wake, alichukua ubingwa wa shule akiwa na umri wa miaka miwili. Wiki ya pili nikapewa mwingine aliyeandikwa kuwa alizaliwa katika miji mitatu. Nikatafuta namba ya mama yake nikampigia. Akaniambia mmoja ni uongo lakini miwili ni kweli, kwa sababu uchungu ulimwanzia ndani ya basi na mtoto hakutaka kusubiri, na hadi leo yeye na mumewe hawajakubaliana basi lilikuwa limevuka mpaka wa mkoa au bado.

Mratibu wetu alikuwa karani mstaafu wa mahakama, anaishi Tanga. Sijawahi kumwona uso. Nilimjua kwa sauti, maana hakuwa anaandika ujumbe, alikuwa anarekodi, dakika saba, dakika nane. Anaanza na salamu, anaulizia mvua, anaulizia bei ya mchele wetu, kisha anafika kwenye neno lake moja lisilobadilika: chanzo.

"Mwalimu, ukisema kitu, nionyeshe chanzo," alikuwa akisema. "Bila chanzo hiyo ni hadithi, na hadithi hapa nyumbani ninazo za kunitosha."

Mwezi wa tano, mpunga ukiwa unavunwa, akatutumia wasifu wa mtu wa huku kwetu. Ulikuwa mfupi. Ulisema mchezaji huyo alikuwa karani wa stesheni ya reli, kwamba alijifunza sataranji peke yake kwa kitabu kilichokosa kurasa za mwanzo, kwamba katika mashindano ya mkoa, enzi zile za foleni za sukari, alishika nafasi ya pili nyuma ya Bwana fulani, na kwamba alifariki dunia kwa kuliwa na mamba kivukoni akiwa njiani kwenda Malinyi.

"Habari ya mamba haina chanzo," mratibu akasema kwenye dakika ya sita. "Nyinyi mko karibu. Itafuteni familia. Tunataka tarehe ya kifo na mahali pa kaburi."

"Kaburi la aliyeliwa na mamba," bwana mifugo akaniambia baada ya kusikiliza. "Huyu mzee wa Tanga hajui mamba."

Bwana mifugo anajua kila boma na kila ukoo kuanzia hapa kwetu Ifakara mpaka milimani, kwa sababu mtu mwenye mbuzi mgonjwa hafichi jina. Akauliza huku na huku, na ndani ya siku tatu mwanamke mmoja anayeuza perege sokoni akamwambia watu wa ukoo huo wapo Mchombe, wanalima. Jumamosi tukaondoka kwa pikipiki yake. Mimi nilivaa kitenge cha heshima na kubeba kilo mbili za sukari na majani ya chai, kwa sababu huwezi kwenda kwa wafiwa mikono mitupu hata kama msiba ni wa siku nyingi. Njia ya Mlimba, ndiyo ipitayo Mchombe, ilikuwa bado na matope. Tulipofika, kitenge cha heshima kilikuwa na ramani yote ya wilaya.

Nyumba tuliyoelekezwa ilikuwa na turubai kubwa uwanjani, na juu ya turubai alikuwepo mzee mwembamba aliyefunga kitambaa kichwani, anapiga mpunga kwa fimbo. Mkewe, bibi mnene mwenye uso wa ucheshi, alikuwa anapeta pembeni. Tukaamkia. Mzee akaitikia marahaba, kisha macho yake yakatua kwenye mabuti ya bwana mifugo na ule mkoba wake wa dawa.

"Hatimaye!" akasema, akatupa fimbo chini. "Serikali imefika. Njooni muone."

Kabla sijafungua mdomo tulikuwa shambani. Akatuonyesha nyayo za ng'ombe. Akatuonyesha mpunga uliolala. Akatuonyesha dungu alilokuwa analala kulinda ndege, na jinsi ng'ombe walivyopita chini ya dungu lenyewe huku yeye amesinzia juu. Alijua ni ng'ombe wa nani, jirani yake upande wa mtoni, lakini jirani alikuwa anakataa na mashahidi hakuna. Bwana mifugo akatazama nyayo kwa makini, akapima moja kwa kiganja, akasema huyu ni dume na mguu wa nyuma unamsumbua. Mzee akafurahi kana kwamba kesi imekwisha. Nusu saa ikapita hivyo.

Tuliporudi uwanjani tukapewa viti na chai. Nikaona sasa ndiyo nafasi.

"Mzee wangu," nikasema kwa sauti ya msibani, "hatukuja kwa ajili ya ng'ombe. Tumekuja kutoa pole. Tumechelewa, mtusamehe. Tumesikia habari za ndugu yenu yule aliyekuwa karani wa reli, mchezaji wa sataranji, aliyechukuliwa na mamba."

Mzee akaweka kikombe chini. "Nani kachukuliwa?"

Nikataja jina lote, la kwanza, la baba na la ukoo.

"Huyo ni mimi," akasema.

Nikamtazama bwana mifugo. Bwana mifugo alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

"Lini?" mzee akauliza.

"Lini nini, mzee?"

"Mamba. Ilikuwa lini?"

"Hicho ndicho tulichokuja kuuliza," nikasema.

Mkewe akaacha kupeta. Akakaa chini palepale, ungo mapajani, akacheka mpaka akaushika mguu wa kiti changu ili asianguke. "Kumbe ndiyo maana," akasema alipopata pumzi. "Namwambia kila siku, baba, kamata jembe, hasikii. Kumbe marehemu!"

Mzee hakucheka. Alitaka asomewe. Bwana mifugo akatoa simu akamsomea wasifu wake neno kwa neno, na mzee akasikiliza ameinamisha kichwa, anaafiki. Karani wa stesheni, kweli. Treni zilikuwa chache na saa zilikuwa nyingi, ndipo alipojifunza. Kitabu bila kurasa za mwanzo, kweli pia. Alijua vizuri namna ya kumaliza mchezo, lakini namna ya kuuanza alijitungia mwenyewe. Tulipofika kwa mamba akainua mkono.

"Mamba yupo," akasema. "Alichukua mkoba. Nimesimama kivukoni nasubiri, mkoba nimeuweka kando ya maji, akatoka akaubeba. Ndani mlikuwa na ubao wangu na kete zote thelathini na mbili."

"Na samaki wa kubanika," mkewe akasema. "Sema vizuri. Yule mamba hakufuata sataranji."

"Basi tutasahihisha, mzee," nikasema. "Tutaandika kwamba uko hai."

"Hiyo ya kufa iacheni tu, haina ubaya," akasema. "Kufa kwa mamba ni kufa kwa kishujaa. Lakini hii nafasi ya pili imetoka wapi?"

Hapo ndipo alipokasirika hasa. Alisimama. Akasema yeye alikuwa wa kwanza, mchezo wa mwisho ulikuwa mkononi mwake, ikapigwa kengele ya chakula, akaenda kunawa, na aliporudi akakuta msimamizi ameshabandika orodha ukutani na jina lake liko chini ya jina la mtu mwingine. Amewaeleza watoto wake, amewaeleza wajukuu, kijiji kizima kinajua kwamba yeye ni bingwa wa mkoa aliyedhulumiwa. Na mpinzani wake huyo, Bwana huyo mliyemwandika, hakuwa Bwana.

"Alikuwa nani?" nikauliza.

"Nesi," akasema mzee, akakunja uso, akabadilisha mazungumzo.

Bwana mifugo akatoa kiubao chake kidogo cha safari, anachokihifadhi kati ya sindano na dawa ya minyoo. Wakacheza michezo mitatu juu ya gunia la mpunga. Mzee alianza kila mchezo kwa namna ambayo hakuna kitabu kinachoikubali, na akashinda miwili. Tulipokuwa tunaaga, akaniuliza ule mfuko niliokuja nao ulikuwa wa nani.

"Ni sukari na chai, mzee. Ilikuwa rambirambi."

"Basi iache," akasema. "Si nimekufa?"

Usiku wa siku hiyohiyo nikamtumia mratibu taarifa yetu, ndefu, yenye furaha. Nikaambatanisha picha ya mzee akiwa na ungo. Jibu lake lilikuja asubuhi baada ya misa, dakika tisa. Alifurahi sana. Alimshukuru Mungu kwa uhai wa mzee. Aliulizia mpunga. Kisha akasema haikubaliki.

"Picha haina tarehe, Mwalimu. Na kuhusu maneno yake, mtu kusema mwenyewe kwamba yuko hai, hicho si chanzo huru. Ana maslahi binafsi katika jambo hilo."

Nikampigia. Nikamwambia nimekunywa naye chai. Akasema hana shaka na chai. Nikamwambia nitaleta barua ya mtendaji wa kijiji. Akasema barua haijachapishwa mahali ambapo umma unaweza kuiona. Alitaka gazeti, au redio, kitu kilichotangazwa hadharani na kinachoweza kuhifadhiwa. Bwana mifugo alipopata habari akasema ng'ombe wana bahati, wao wakisimama tu watu wanaamini.

Basi ikawa redio. Mzee alikuja Ifakara mwenyewe, siku ya Jumatatu, amevaa koti la enzi za reli lenye vifungo vya shaba. Pale mapokezi ya redio moja ya mjini tulimkuta dada mmoja mchangamfu, nikamweleza shida yetu.

"Mnataka kutangaza kwamba mtu hajafa," akarudia polepole.

"Ndiyo."

"Mbona wengi hawajafa?"

Nikamweleza upya, nikamwonyesha simu. Akaelewa, akamwonea mzee huruma, lakini fomu zake zilikuwa za aina nne tu: vifo, harusi, mikutano, na vitu vilivyopotea. Tukafikiria vitu vilivyopotea. Mzee akakataa, akasema yeye si kitambulisho cha kupotea. Ile ya vifo ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kutaja kazi ya mhusika na orodha ya ndugu wa kufikishiwa habari, na mzee akaitaka hiyo kwa sababu ya orodha. Alitaka dada yake wa Malinyi atajwe, na binamu wa Mahenge, na watu wote aliofanya nao kazi stesheni. Dada wa mapokezi akakata neno "kifo" kwa kalamu, akaandika juu yake "uhai". Maneno mengine ya fomu akayaacha yalivyo.

Tangazo lilisomwa kesho yake baada ya habari za mchana. Nilikuwa jikoni kwa wapishi wa shule, ambako kuna redio. Kwanza ukaja ule wimbo wa huzuni wanaoutanguliza siku zote kwenye matangazo hayo, kwaya taratibu na kinanda. Kisha mtangazaji akasoma kwa sauti ileile ya matanga: familia ya mzee, akataja jina, inasikitika kutangaza uhai wa mpendwa wao, karani mstaafu wa reli, aliyesemekana kuliwa na mamba. Habari ziwafikie dada yake aliyepo Malinyi, binamu yake aliyepo Mahenge, na wote waliofanya naye kazi.

Mpishi mkuu akavua kitambaa cha kichwa. "Mungu ampumzishe," akasema. "Mamba ni mnyama mbaya."

Nikajua tumeharibu.

Jumatano asubuhi simu ikalia. Ni mzee. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi. "Mwalimu," akasema, "njoo na bwana mifugo wako. Nyumba imejaa, wanalia, na mimi nimefungiwa chumbani."

Tukaruka kwenye pikipiki. Uwanjani pale Mchombe turubai la mpunga lilikuwa limetandikwa kwa ajili ya akina mama, masufuria yalikuwa mekoni, na vijana walikuwa wameanza kukata miti ya kujenga banda. Mkewe alinidaka mlangoni. Hakujua acheke au alie. Watu walianza kufika tangu jana jioni, akasema, na kila akimweleza mtu kwamba mume wake yupo ndani, wanamkumbatia na kumwambia ndiyo mama, yupo nasi kiroho. Mwishowe wazee wa kanisa wakaona mjane amechanganyikiwa. Mzee mwenyewe alikuwa tayari kutoka, lakini mkewe alimfungia ndani kwa kuogopa kwamba akitokea ghafla, dada yake mwenye presha ataanguka.

Na huyo dada alikuwa anaingia sasa hivi. Alikuwa ametoka Malinyi alfajiri na gari la kukodi, watu kumi na wanne na kuku sita. Tangazo alilisikia mpaka kwenye "inasikitika kutangaza", akaitupa redio chini.

Kabla hatujamfikia, akasimama mtu mwingine. Alikuwa mfugaji, jirani wa upande wa mtoni, Msukuma wa makamo, amekuja na mbuzi dume mkubwa wa rambirambi. Akavua kofia. Akasema mbele ya watu wote kwamba ana neno moyoni. Marehemu alimshtaki kwa mtendaji kwamba ng'ombe wake wamekula mpunga, na yeye akakataa. "Leo sitaki kubaki na jambo la mtu aliyekufa," akasema. "Ng'ombe walikuwa wangu. Marehemu alikuwa na haki."

Mlango wa chumba ukafunguka kwa kishindo.

"Mmesikia?" mzee akapiga kelele, amevaa koti lake la vifungo. "Mmesikia wote? Mguu wa nyuma unachechemea au hauchechemei?"

Sitaisahau ile sauti ya watu. Akina mama wa mbele wakarudi nyuma, wa nyuma wakaja mbele, kuku wote sita wakafunguka. Mfugaji akamwachia mbuzi. "Unachechemea, mzee," akasema kwa unyonge, kwa sababu alikuwa ameulizwa. Bwana mifugo akamsogelea, akamshika bega, akamsemesha Kikwao taratibu, kisha akanigeukia. "Hicho sasa ni chanzo," akasema.

Yule dada wa Malinyi hakuanguka. Alimwendea kaka yake, akamgusa uso, akamgusa mikono, akamvuta sikio kama anavyokagua samaki, kisha akamchapa khanga mara tatu mgongoni. "Umenitoa Malinyi!" akalia. "Nimelia njia nzima! Nimewaeleza watu wote kwenye gari jinsi ulivyokuwa mtu mwema!"

"Uliwaeleza nini hasa?" mzee akauliza.

Chakula kilikuwa kwenye moto na huwezi kukirudisha. Padre alipoletewa ujumbe akajibu kwamba misa ya wafu haiwezekani, ila ya shukrani inawezekana, na atafika saa nane. Basi watu wakakaa. Tulikuwa kwenye chai ya pili alipofika mama mmoja mzee, mwenye fimbo na miwani, ameteremka kwenye bajaji iliyomtoa Ifakara. Nilimfahamu kwa sura. Anakaa Lipangalala, nyumba ya nne kutoka kwangu, mkunga mstaafu. Kila asubuhi nampa shikamoo nikienda kazini, na sikuwa najua lolote juu yake isipokuwa kwamba hapendi watoto wapite kwenye maua yake. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwenye nailoni.

Akamtazama mzee aliyeketi na kikombe. "Kumbe uongo," akasema. "Nimekuja kukuzika."

Mzee akasimama. Nikaona rangi inampotea. "Nesi," akasema.

Akapewa kiti. Akafungua nailoni, mkatoka daftari la shule la zamani, limekuwa la rangi ya chai. Alikuwa ameandika humo michezo yake yote ya mashindano yale, hatua kwa hatua, kwa mwandiko wa kadi za kliniki. Alikuja nalo, akasema, ili aliweke kaburini, kwa sababu mchezo wa mwisho uliokuwamo humo alicheza na marehemu na yeye hakuona wa kumwachia.

Nikamuuliza kwa nini kwenye tovuti ameandikwa Bwana. Hakuwa anajua kama ameandikwa. Bwana mifugo ndiye aliyefikiri akapata jibu. Mtu aliandika kwa Kiswahili kwamba "yeye" alishinda, na yeye wetu si mwanamume wala si mwanamke. Mwingine akauhamishia wasifu huo Kiingereza, huko wanalazimika kuchagua, akachagua. Mwingine akaurudisha Kiswahilini, akaona mwanamume hawezi kwenda bila heshima yake, akamwongezea Bwana.

"Nimezalisha wanawake miaka thelathini na tatu," mama akasema, "nimekuwa Bwana?"

Kisha mzee akasema, kwa sauti ya chini, "Soma."

Akasoma. Bwana mifugo akapanga kete kwenye kiubao chake akazisogeza kadiri anavyosomewa, na watu wakajazana kutazama mchezo wasioujua, kimya kama wanasikiliza wosia. Hatua ya mwisho ikafika. Bwana mifugo akakaa akiangalia ubao kwa muda mrefu. Mimi mwenyewe, na ujuzi wangu wa nyuma ya darasa, niliona mfalme wa mzee hana pa kwenda.

"Farasi wangu alikuwa hapa?" mzee akauliza.

"Alikuwa hapo."

"Si hapa?"

"Hapo. Ulimtazama sana yule farasi. Kengele ikapigwa, ukasema unaenda kunawa mikono. Nilikusubiri. Nilikuwa naingia zamu wodi ya wazazi jioni ile na lori lilikuwa linaondoka, nikamwambia msimamizi aje aone ubao, akaona, nikaondoka."

Mzee akamgusa yule farasi kwa kidole. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza sikuona kicheko usoni mwake. Aliweka mkono begani mwa mumewe. Miaka yote ile mtu huyu alikuwa ameishi na ushindi wake, na nilimwonea huruma, nikajiuliza ni nani aliyetutuma. Nilitamani ule wasifu ungebaki na mamba wake.

Mzee akafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. Akawageukia watu.

"Nimekuwa nikiwaambia nilidhulumiwa," akasema. "Sikudhulumiwa. Nilikuwa wa pili. Huyu hapa ndiye wa kwanza." Kisha akaongeza, kwa sababu alikuwa yeye, "Lakini wa pili katika mkoa mzima."

Akina mama wakapiga vigelegele. Sijui walikuwa wanampigia nani, nadhani walikuwa wamevibana tangu jana. Mzee akamwomba mama acheze naye mchezo mmoja, hapohapo. Mama akakunja daftari lake.

"Nikikushinda tena utakufa kweli," akasema, "na watu hawa wamechoka."

Mratibu alipokea vyote. Rekodi ya redio aliikubali, ingawa alisema lugha yake ina utata. Daftari alilipenda kuliko kitu chochote tulichowahi kumletea. Kumbukumbu iliyoandikwa wakati wa tukio lenyewe, akasema, mahakamani tunaipokea bila ubishi. Wasifu wa mzee ukasahihishwa: yu hai, anaishi Mchombe, nafasi ya pili. Kuhusu mamba tulibishana wiki nzima. Mzee alitaka abaki, mratibu alitaka shahidi, na mwishowe akaandikwa mamba aliyechukua mkoba, kwa ushahidi wa mke, ambaye aliungana na mumewe kwa sharti kwamba samaki atajwe. Ametajwa. Mfugaji na mzee walielewana, na yule dume alitibiwa mguu.

Ikabaki kumwandikia mama wa Lipangalala wasifu wake mwenyewe. Nilikwenda kwake Jumapili moja saa kumi, nikapita kwa uangalifu mbali na maua. Alinijibu kila kitu: alikosomea ukunga, nani alimfundisha sataranji, kwa nini aliacha. Aliacha kwa sababu akishinda, wanaume walikuwa wanaenda kunawa mikono. Nilipomuuliza mwaka wa kuzaliwa, akavua miwani.

"Andika alizaliwa Mahenge, asubuhi."

"Mwaka, mama."

"Mwanangu, mimi nusu ya bonde hili nimewapokea kwa mikono hii. Najua miaka ya wote, na wako naujua. Wangu niachie."

"Mratibu hatakubali. Hata hiyo asubuhi, ataniuliza chanzo."

Akavaa miwani yake, akanimiminia chai.

"Mwambie mama yangu alikuwepo," akasema.